MAONI: Kabla ya kulipia fowili, hesabu kwanza siku zako za matope

Februari mwaka jana nilisimama kwenye yadi moja ya magari mjini Busia. Jua lilikuwa linachoma, vumbi la malori limejaa hewani, na mkopo wa Sacco ulikuwa umeshaingia kwenye akaunti. Mbele yangu palikuwa na Fielder mbili za rangi ya fedha, za mwaka mmoja na injini ya cc 1500, kama mapacha. Tofauti ilikuwa kibandiko kidogo nyuma kwenye buti: 4WD. Kibandiko hicho kilikuwa na bei yake. Gari lenye nacho lilizidi lile jingine kwa shilingi 180,000.

Dalali aliponiona nimekitazama mara ya pili, akajua amenipata.

“Madam, hii ni fowili. Hii hata Budalang'i mafuriko yakija wewe unapita tu ukipungia watu mkono.”

Nikamuuliza kama yeye amewahi kufika Budalang'i wakati wa mvua. Akacheka. “Madam, mimi kazi yangu ni kuuza.”

Nimeandika makala haya kwa sababu swali lililonisumbua siku ile linawasumbua wengi wa rika langu huku mpakani. Umefanya kazi miaka mitatu, minne. Uko kwenye klearingi Malaba, au una duka la simu Busia, au unauza nafaka. Unataka gari lako la kwanza. Na kila mtu, kuanzia mjomba hadi jamaa wa kuosha magari, anakwambia, “Usinunue kitu kama si fowili, hii ni Western, mvua itakuaibisha.”

Mimi nasema tofauti. Wengi wetu hatuihitaji, na tunailipia kwa pesa za mkopo ambazo zingefanya kazi nyingine. Wachache wetu wanaihitaji kweli, na hao wailipie bila kuona haya. Kujua uko upande gani si suala la ushabiki wa Subaru. Ni hesabu, na unaweza kuifanya leo kwa daftari na kalamu.

Tuanze na kile unachonunua. Gari la kawaida la saluni huvuta kwa magurudumu mawili, aghalabu ya mbele. Fowili huvuta kwa yote manne. Gurudumu moja likiteleza kwenye tope, mengine yenye mshiko yanaweza kulisukuma gari mbele. Hiyo ndiyo faida yake, na ni faida ya kweli unapoondoka mahali pabovu au unapopanda mlima unaoteleza.

Lakini fowili si kitu kimoja. Zile Land Cruiser za kazi na Hilux zina gia ya nguvu ya chini, unayoiingiza mwenyewe unapofika pabaya. Subaru Forester hupeleka nguvu mbele na nyuma wakati wote. Magari mengi madogo ya familia hutembea kwa magurudumu ya mbele hadi yaanze kuteleza, ndipo nguvu kidogo ipelekwe nyuma. Kuna hata Nissan Note ambayo magurudumu yake ya nyuma husukumwa na mota ndogo ya umeme inayosaidia unapoondoka tu. Ukishika mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa, mota hiyo inapumzika. Yote hayo hubandikwa herufi zilezile tatu, na dalali atakuuzia yote kwa wimbo uleule.

Halafu kuna yale ambayo fowili haifanyi. Nilipolipeleka suala hili kwa fundi mmoja mzee wa Malaba, aliyetengeneza gari la baba kabla mimi sijaenda shule, alifuta mikono kwa kitambaa akaniuliza, “Msichana wangu, gari lisilo fowili lina breki ngapi?”

Nikasema nne.

“Na fowili?”

Nne.

“Basi fowili inakusaidia kuondoka. Kusimama, utasimama kama wenzako.”

Hilo ndilo watu husahau. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya murram iliyojaa vumbi, barabara inakuwa kama sabuni. Mwenye fowili anaondoka vizuri, anajiamini, anaongeza mwendo. Anapofika kwenye mteremko na ng'ombe wamevuka, anagundua kwamba kinachomsimamisha ni tairi na breki. Tairi kipara ni tairi kipara hata ukiwa na matatu mengine yanayovuta.

Na gari likikalia tumbo, yaani matuta ya katikati ya njia yakilinyanyua magurudumu yakabaki yanazunguka bure, fowili ya gari la chini haina la kufanya. Fielder yenye 4WD bado ni Fielder. Forester ina nafasi ya takriban milimita 220 kati ya tumbo na ardhi, ndiyo maana inapita palipowashinda wengine. Watu wanaisifu kwa kuvuta nne, ilhali mara nyingi kilichowapitisha ni urefu.

Ukitaka ushahidi, angalia boda boda. Sisi watu wa mpakani tunapenda kukumbusha dunia kwamba neno hilo lilizaliwa huku, enzi zile za baiskeli zilizovusha abiria na mizigo yao kati ya Kenya na Uganda. Leo ni pikipiki. Pikipiki inavuta gurudumu moja. Moja tu! Na kila mwezi wa Aprili tunaiona ikimpita Prado aliyekwama, imebeba mama, mtoto na gunia la mahindi. Inapita kwa sababu ni nyepesi, ni nyembamba, haina tumbo la kukalia, na anayeiendesha anaijua njia hiyo shimo kwa shimo. Kwa hivyo kabla ya kuuliza gari linavuta magurudumu mangapi, uliza lina uzito gani, limeinuka kiasi gani, limevaa tairi gani, na nani yuko kwenye usukani.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo vijana tunaumia.

Ile 180,000 niliyotajiwa ni mlango tu. Ndani ya gari la fowili kuna difu ya nyuma, shafti ndefu ya katikati na viungo vya ziada. Vyote vinahitaji mafuta, vyote huchakaa, na vyote vina uzito unaoubeba kila siku, hata ile siku unatoka Malaba kwenda Bungoma kwenye lami kavu. Tairi nazo zina masharti yao. Kwenye fowili nyingi, hasa Subaru, matairi manne yanatakiwa yalingane kwa saizi na kwa kiwango cha kuchakaa, la sivyo mfumo unalazimika kupambana na tofauti hiyo kila unapotembea. Likipasuka moja huku mengine yamelika, huwezi kuokota lolote la mtumba ukaendelea na maisha. Gari likiharibika njiani, usikubali livutwe magurudumu mawili yakiwa juu na mawili chini. Linatakiwa lipakiwe zima, na kupakiwa ni ghali kuliko kuvutwa.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna dalali aliyewahi kunigusia. Jiulize kwa nini Japani, nchi yenye lami kila kona, iliunda Probox na Fielder za 4WD. Sababu kubwa ni theluji. Magari mengi ya aina hiyo yalinunuliwa na watu wa sehemu za baridi kama Hokkaido, na huko barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hula chuma. Unaweza kununua gari linalong'aa juu kama sahani mpya, kumbe chini limeliwa na kutu. Ukikutana na fowili ya bei nzuri, usiangalie redio. Lala chini, au mlipe fundi alale chini kwa niaba yako.

Usisahau ushuru. Hapa Kenya gari la injini inayozidi cc 1500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha juu kuliko la cc 1500 kushuka chini. Kijana anayeanza kwa kutaka “kafowili kadogo” mara nyingi huishia kwenye Forester au X-Trail ya cc 2000, na hapo amehama kundi la ushuru, la mafuta na la bima kwa mpigo mmoja.

Na najua mnachowaza nyinyi mnaoishi hatua chache kutoka mpakani: ng'ambo kuna fowili za bei ya kutupa. Ni kweli, na sababu ipo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, tangu sheria ya mwaka wa 2018, mpaka wake ni miaka 15. Kwa hivyo ile Forester ya zamani unayoiona Tororo na roho inakwenda mbio haiwezi kupata namba ya Kenya, hata ukimjua nani. Ukiinunua utabaki kuiendesha kwa vibali vya muda, ukijificha kama mwizi wa kuku. Usiingie hapo.

Sasa daftari. Nilipotoka yadi siku ile sikununua. Niliamua kusubiri mvua ipite nione kwa macho yangu. Nyumbani kwetu ni upande wa Amagoro, na kutoka barabara kuu ya Malaba hadi mlangoni petu ni kama kilomita moja na robo ya njia ya udongo, na kijito katikati. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, kila jioni niliandika neno moja: NDIYO kama gari la kawaida lingepita siku hiyo, HAPANA kama lisingepita. Siku ambazo sikuwa na uhakika nilimuuliza jirani mwenye Probox ya kawaida.

HAPANA zilikuwa 7. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ya mwaka uliotangulia, kwa kukumbuka mimi na mama, tuliipa 2. Jumla siku 9 kwa mwaka.

Tuseme nitakaa na gari miaka minne. Siku za matope ni 36. Fowili ingenigharimu 180,000 za ziada. Ongeza mafuta. Tuseme inakunywa lita moja zaidi kwa kila kilomita 100, nami natembea kilomita 10,000 kwa mwaka. Hizo ni lita 100 kila mwaka. Ukiweka lita kwa shilingi 180, ni 18,000 kwa mwaka, 72,000 kwa miaka minne. Jumla 252,000. Gawanya kwa siku 36.

Shilingi 7,000 kwa kila siku ya matope.

Siku kama hiyo naweza kuacha gari kwa rafiki aliye kando ya lami na kupanda boda hadi nyumbani kwa shilingi 200, kesho asubuhi 200 nyingine. Mia nne dhidi ya elfu saba. Hapo sijahesabu tairi wala difu.

Nikamwonyesha binamu yangu hesabu hiyo. Yeye hununua samaki kwenye fuo za Bunyala, mbuta na ngege, huwapeleka Busia kabla soko halijachangamka. Aliisoma akanirudishia daftari.

“Hiyo ni hesabu yako wewe. Sasa andika yangu.”

Tukaiandika. Anatoka alfajiri, karibu kila siku, kupitia njia za vijiji zilizo karibu na matuta ya mto Nzoia. Huko udongo ni mweusi, ule mfinyanzi unaoshika tairi kama ugali wa moto unavyoshika vidole. Mto Nzoia hauhitaji utangulizi, kila Mkenya ameuona kwenye habari ukivunja kingo na kuhamisha watu Budalang'i. Yeye siku zake za HAPANA ni kama 100 kwa mwaka, 400 kwa miaka minne. Pesa zilezile 252,000 gawanya kwa 400 ni shilingi 630 kwa siku. Na siku moja tu ya barafu kuyeyuka na samaki kulegea inamla mara kadhaa ya hizo.

Binamu yangu alinunua Probox ya 4WD, akaivisha tairi zenye meno. Hakukosea. Ndivyo ilivyo pia kwa muuguzi anayezunguka zahanati za Angurai kule milimani, kwa mwalimu aliyepangiwa shule iliyo mbali na lami, kwa fundi wa sola anayefuata wateja vijijini vilima vya Samia. Hao matope ni ofisi yao. Wasione haya na wasisikize wa mjini wanaowaambia wanajionyesha.

Lakini wewe unayelala Busia mjini na kufanya kazi hatua chache kutoka kituo cha forodha, safari yako ndefu ikiwa ni Kisumu kwa lami, matope yako wewe ni ya siku ngapi? Kuwa mkweli. Wengi wetu tunalipia safari ya Krismasi kwa shosho, tena Krismasi yenyewe huwa kavu.

Nilinunua Fielder ya kawaida mwezi wa Juni. Sehemu ya pesa niliyookoa nikanunua matairi manne mapya ya maana na kuinua gari kidogo kwa springi. Nilijiona mjanja. Ningeishia hapa, makala yangekuwa mafupi na mazuri. Ila si haki kuwaficha kilichofuata.

Novemba, saa nane usiku, mama alishikwa na pumu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu magharibi. Dawa ya kuvuta ilikuwa imeisha na hakuna boda aliyepokea simu. Nilimweka kwenye kiti cha mbele, nikawasha gari, tukaenda vizuri hadi kwenye kijito. Tulishuka. Kupanda upande wa pili, magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka mahali pamoja. Tairi mpya, springi mpya, ujanja wangu wote. Nilikuwa nasikia injini kwa sikio moja na pumzi ya mama kwa sikio la pili.

Nasema ukweli: pale ndipo fowili hulipa. Mteremko mfupi unaoteleza, gari halijakalia tumbo, kinachokosekana ni msukumo wa nyuma tu. Ile Fielder nyingine ingepanda.

Nilipiga honi hadi majirani wakatoka na tochi. Mmoja akaja na magunia, tukayalaza chini ya tairi. Watu saba wakasukuma, wawili kati yao wanawake wenye umri wa mama. Ilituchukua dakika 40 hivi. Tulifika hospitalini, mama akawekewa mashine ya kupumua, asubuhi akaomba chai. Mimi nilikuwa nje kwenye ngazi, matope hadi magotini, nikitafuta kwenye simu bei za Forester.

Niliporudi nyumbani kuwashukuru majirani, nilimwambia mmoja wa wale akina mama kwamba nauza hili gari, nitaongeza pesa nichukue fowili. Alikuwa anaosha viatu vyake vilivyojaa tope letu. Hakuinua macho.

“Sawa, mama. Wewe utapita. Sisi tukiugua tutapita na nini?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi ndani nikafungua lile daftari, nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwanzo. Njia ile inatumiwa na nyumba nane. Tano kati yake zina gari au zinapanga kununua. Kama sote watano tungelipia fowili kwa tofauti niliyotajiwa, hiyo ni shilingi 900,000. Laki tisa, ili magari matano yavuke kijito kimoja. Na boda, mikokoteni, watoto wa shule na yule mama mwenye viatu wangebaki palepale.

Tuliitana Jumapili. Kila nyumba ikatoa shilingi 4,500, jumla 36,000. Tukanunua kalvati nne za saruji na tripu tatu za murram. Kuchimba na kupanga mawe tulifanya wenyewe kwa Jumamosi mbili. Kijana mmoja anayefanya kazi ya ujenzi Malaba alitupimia mteremko ili maji yapite chini badala ya kutafuta njia juu.

Mvua ya masika ya mwaka huu, daftari langu lina HAPANA 2. Kutoka 7. Siku hizo mbili niliacha gari kando ya lami nikapanda boda.

Sidai kwamba kila tope linatibika kwa mchango wa majirani. Njia za Bunyala za binamu yangu haziwezi kuokolewa na kalvati nne, mto Nzoia hauogopi chama. Na sitaki kiongozi yeyote asome hapa akafurahi kwamba vijana sasa wanajitengenezea. Kijia chetu ni kijia cha majirani. Barabara za kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni kazi ya serikali ya kaunti, na zina bajeti ambayo wananchi huitwa kuitolea maoni. Tatizo ni kwamba vikao hivyo huhudhuriwa na wazee, sisi tukiwa yadi tukilinganisha rimu. Kila anayenunua fowili ili kuikwepa barabara mbovu hupunguza sauti moja ya kuilalamikia. Mimi nilikaribia kuwa mmoja wao.

Basi nikusihi hivi, ndugu yangu unayesoma na tangazo la gari limefunguliwa kwenye ukurasa wa pili wa simu yako. Usinunue Februari. Februari kila barabara ni nzuri na kila dalali ni rafiki. Subiri mvua, shika daftari, andika NDIYO na HAPANA kwa msimu mmoja. Chukua bei ya ziada, ongeza mafuta, gawanya kwa siku za HAPANA, kisha ulinganishe na gharama ya kutofika. Kama kutofika kwako ni samaki wanaooza au mgonjwa anayesubiri kila wiki, lipia, na uinunue yenye urefu na chini pasipo na kutu. Namba ya chesisi itakuthibitishia kama kibandiko ni cha kweli: Fielder za NZE161 ni za kawaida, NZE164 ndizo 4WD. Probox za NCP160 ni za kawaida, NCP165 ni 4WD.

Kama kutofika kwako ni kuchafua viatu mara tisa kwa mwaka, nunua la kawaida, lipe tairi nzuri, na ujue majina ya majirani zako. Usiku ule sikujua majina ya watu wawili kati ya saba waliosukuma. Sasa nayajua.